Mbegu Hailiwi

Liko neno lisemwalo sana katika vijiji vyetu vya Iringa, nalo twataka kulipinga leo waziwazi. Neno lenyewe ni hili: "Binti asiye na mtu wa kumsomesha na aende mjini akafanye kazi, apate kutuletea sabuni na chumvi." Wasemao hivyo si watu wabaya, ni wazazi wenye shida. Walakini neno lao laharibu vijiji vyetu, na sisi walimu tukilinyamazia tutahesabiwa kuwa tumelikubali.

Hapa Tosamaganga na kandokando yake twaijua habari hii. Binti aliyekuwa hodari wa hesabu haonekani tena darasani. Ukiuliza, waambiwa, "Yuko Dar es Salaam, analea mtoto wa watu." Nchi nzima yajua ya kuwa nyumba nyingi za mjini hutafuta watumishi wao Iringa, kwani mabinti wa huku husifiwa kuwa ni watiifu na wenye bidii. Wengine huiona hiyo kuwa fahari. Sisi twauliza: bidii ya kuamka alfajiri kufua nguo za wengine, je, haifai kwa kitabu?

Mzazi atatujibu, "Mwalimu, maneno hayanunui daftari." Ni kweli. Serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, viatu, madaftari na malazi ya mtoto akaaye mbali na shule havikuondoka pamoja na ada. Mtoto wa maskini hukwama kwa vitu vidogo hivyo. Basi hapo ndipo ufadhili ufanyapo kazi yake.

Ufadhili wa namna hiyo si ndoto. Mwaka 1993 chama cha CAMFED kilianza kusomesha wasichana 32 wa vijijini katika Zimbabwe, na mwaka 2005 kiliingia Tanzania. Neno la kutazamwa si fedha zake, bali walivyofanya wasichana wenyewe. Mwaka 1998 waliokwisha kusoma waliunda umoja wao, wakaanza kuwasaidia wadogo zao wapate kusoma. Wako wanaorudi katika shule za kwao, Tanzania nayo ikiwamo, wakikaa na wanafunzi, wakiwashauri, na kuwafuata nyumbani wale walioacha masomo. Hakuna mgeni awezaye kuifanya kazi hiyo kama wao, kwani wao wameijua njaa ya nyumba zile kwa matumbo yao wenyewe.

Kwa hiyo twamkataa pia yule asemaye, "Akisoma, faida ni yake na ya mumewe." Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo asiporudi, amewasaliti. Na mwaka 1966 wanachuo walipoandamana kuipinga amri ya kulitumikia taifa, aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Aliyesomeshwa ana deni, wala deni hilo halifutwi kwa kupata cheo mjini. Hata akifanya kazi mbali, na asomeshe mtoto mmoja wa kijijini kwake.

Lakini kijiji nacho kina wajibu. Kila mkulima wa huku ajua kuchagua mahindi mazuri ya mbegu na kuyatundika juu ya meko, yapate moshi, wadudu wasiyale. Hata akiba ikipungua kabla ya mvua za Novemba, mama hayagusi mahindi hayo. Si kwamba hana njaa. Ajua ya kuwa akiyala leo, mwakani watoto watalia zaidi. Nasi twampeleka binti mwenye akili mjini kwa ajili ya sabuni! Hiyo siyo kula mbegu?

Basi yatupasa kutenda. Kila kijiji na kiandike majina ya watoto wanaokaribia kukwama, kabla hawajaacha shule, na kuyapeleka kwa mwalimu na kwa ofisa wa kata, ili mfadhili ajapo ayakute tayari. Ajaye kutafuta mtumishi aulizwe mbele ya wazee: mtoto huyu amemaliza masomo? Kama hajamaliza, na arudi mikono mitupu. Na baba atakayemtoa kwa siri na aitwe barazani ajieleze, maana mtoto huyo si mali yake peke yake.

Shida yetu twaijua, wala hatuidharau. Lakini sabuni huisha kwa mwezi mmoja, na binti aliyekosa masomo hukosa maisha yake yote, na kijiji hukosa pamoja naye.