Uuguzi wa miaka miwili Marekani: Mlango usifungwe, ujengewe ngazi

FAMILIA nyingi za mijini zenye ndugu Marekani zimepata kusikia habari ya mtu aliyeanza kwa kibarua cha kutunza wazee, akajiunga na chuo cha jamii, na baada ya miaka michache akawa muuguzi aliyesajiliwa. Njia hiyo ya shahada ya miaka miwili imewainua wengi. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne wapo wanaotaka idumu, na wapo wanaoamini kuwa wakati wake umekwisha.

Chimbuko lake ni Mildred Montag, msomi wa uuguzi aliyetoa pendekezo hilo mwaka 1951 akiwa Chuo Kikuu cha Columbia. Enzi hizo wauguzi wengi walifundishwa hospitalini kwa miaka mitatu, huku wakitumikishwa wodini kama vibarua. Montag alitaka mafunzo yahamie vyuoni, na majaribio yakaanza mwaka 1952.

Alikusudia wahitimu hao wawe mafundi wa uuguzi, wakisimamiwa na wenye shahada ya miaka minne. Mambo yakaenda kinyume. Wote walikalishwa mtihani mmoja wa leseni na wakapewa cheo kimoja. Hapo ndipo mzozo ulipozaliwa.

Mwaka 1965 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilitangaza msimamo kwamba muuguzi kamili awe na shahada ya miaka minne. Jimbo la North Dakota pekee ndilo lililothubutu kuufanya msimamo huo kuwa sharti, mwaka 1987, nalo likaliacha mwaka 2003.

Wanaotaka elimu zaidi hawabishi kwa hisia tu. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Linda Aiken walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali za Pennsylvania. Waliona kuwa pale ambapo idadi ya wauguzi wenye shahada ya miaka minne ilizidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 5. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ikapendekeza kwamba asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada hiyo ifikapo mwaka 2020. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati.

Hoja hiyo ni nzito, kwa kuwa inagusa uhai wa mgonjwa. Lakini tujiulize: ni nani hasa anayepita katika mlango wa miaka miwili?

Ni mama mwenye watoto anayefanya kazi usiku na kusoma mchana. Ni mhamiaji asiyemudu karo ya chuo kikuu. Ni kijana wa mji mdogo ambao chuo chake pekee ni hicho cha jamii. Na hiyo miaka miwili yenyewe ni jina tu. Kabla ya kukubaliwa, mwombaji hutakiwa kufaulu anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, saikolojia na Kiingereza, masomo yanayoweza kumchukua mwaka mzima au zaidi. Kisha hufuata mihula minne ya darasa na wodi. Nafasi nazo ni finyu, kwa sababu walimu ni wachache: mwenye sifa za kufundisha mara nyingi hulipwa vizuri zaidi akibaki hospitalini.

Mwishoni upo mtihani wa NCLEX-RN, uleule anaoufanya mwenzake wa miaka minne. Anayeshinda huingia katika taaluma ambayo, kwa takwimu za serikali za Mei 2024, nusu ya wafanyakazi wake walilipwa zaidi ya dola 93,600 kwa mwaka.

Penye tamaa ya njia ya mkato, matapeli hawakosi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa shule tatu za Florida zilikuwa zimetoa vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi. Ndugu walioko huko, na wanaofikiria kwenda, wanapaswa kuhakikisha kwanza kwamba chuo kinatambuliwa na bodi ya uuguzi ya jimbo kabla ya kutoa hata senti moja.

Ufumbuzi wa mzozo wenyewe umeshaonekana New York. Sheria iliyosainiwa Desemba 2017 inamruhusu mhitimu wa miaka miwili kuanza kazi, ila inamtaka apate shahada ya miaka minne ndani ya miaka 10. California ilielekea kwingine: Septemba 2024 Gavana Gavin Newsom alikataa kusaini muswada ambao ungeruhusu baadhi ya vyuo vya jamii kutoa shahada hiyo kwa majaribio.

Kwa maoni yetu, New York imeona mbali. Mgonjwa anastahili muuguzi mwenye elimu pana, na maskini anastahili pa kuanzia. Hospitali zinazodai shahada kubwa zichangie karo ya wauguzi wao, na vyuo vya jamii viruhusiwe kuwafikisha hapo. Kumfungia mtu mlango kisha kulalamika kwamba wauguzi hawatoshi ni kujikata mkono wa kulia.