SAA YA KUNYONYESHA SI ZAWADI YA TAJIRI

Ndugu wafanya kazi, wake kwa waume,

Katika mikutano yetu husikika wanaume wakisema, "Kunyonyesha ni mambo ya wanawake. Sisi tudai mshahara kwanza." Nataka kuwajibu ndugu hao, maana wamekosea.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yasema kila mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, penye maji ya kunawa mikono, meza, viti na friji. Tena apewe nafasi ya kufanya hivyo, mbali na wakati wa chakula, isiyozidi saa moja katika kazi ya saa nane. Nafasi hiyo huhesabiwa kuwa ni kazi, nayo hulipwa. Basi tajiri akimkata mama kwa saa hiyo, amekata mshahara. Je, hili si jambo la mshahara?

Lakini sheria haina miguu, haiingii yenyewe langoni mwa kampuni. Mama anayekamua maziwa chooni na kuyamwaga, au anayemwachisha mtoto mapema kwa kumwogopa nyapara, hajaonja faida yake. Na akiwa ni wa mkataba mfupi, ataogopa zaidi kudai peke yake. Hapo ndipo penye kazi ya chama.

Tukumbuke tulikotoka. Kwa sheria ya mwaka 1976 mama alipata likizo ya uzazi ya miezi miwili, lakini likizo yake ya mwaka huo ikapotea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa miezi mitatu kwa mshahara kamili, wala likizo ya mwaka haipotei. Haki hukua, ila hailindwi kwa kunyamaza.

Kwa hiyo nasema mambo mawili. Kwanza, mapatano yetu yajayo na waajiri yaitaje saa hiyo na chumba hicho waziwazi, ili atakayekataa awe amevunja mapatano pia. Pili, wanawake nao wakae kwenye meza ya mapatano. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Kamati ya wanaume watupu ni nyepesi kuiacha saa ya mama ili ipate shilingi chache.

Mwanamke hukatwa ada ya chama kama mwanamume. Basi na atetewe kama mwanamume.

Umoja ni nguvu.