Je, Kweli Ajali Haina Kinga? Ngazi ya Lori na Hadhi ya Mfanyakazi

"Ajali haina kinga." Msemo huu tunausikia msibani, hospitalini na kando ya barabara kila mara mwenzetu anapopatwa na jambo la ghafla. Una faraja yake, kwa kuwa unatukumbusha kwamba maisha yetu yamo mikononi mwa Mungu. Lakini una hatari yake pia, kwa kuwa mara nyingi hufunga mjadala kabla haujaanza. Tukishasema kwamba ajali haina kinga, hatuulizi tena nani alitengeneza kifaa, nani alikinunua, nani alikiona kimeharibika akanyamaza.

Katika makala haya tunataka kutafakari ajali ya aina moja ambayo haitangazwi redioni, nayo ni kuanguka wakati wa kupanda au kushuka gari kubwa la kazi. Tutafuata njia ya kuona, kupima na kutenda, aliyoifundisha Kardinali Joseph Cardijn kwa vijana wafanyakazi wa Ubelgiji, na ambayo Mtakatifu Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa zima katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Vijana wetu wa VIWAWA wanaifahamu vema njia hiyo.

Kuona: hali ilivyo

Kintinku, wilayani Manyoni, iko kwenye tambarare kati ya Bahi na mji wa Manyoni, kabla njia haijapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Hapa inapita Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hapa pia inapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma kuelekea Singida na Nzega, ikibeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Miaka hii ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo safari zake za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024, umeleta katika wilaya yetu magreda, vijiko na malori ya kokoto. Mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile nao umehitaji mitambo ya kuchimba. Msimu wa mavuno ukifika, matrekta na Fuso huingia mashambani kuchukua mpunga na alizeti.

Kwa kila gari la namna hiyo yupo mtu anayepanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Ni dereva, utingo, mbeba mizigo, au fundi anayepima mafuta na kusafisha kioo. Je, anapanda kwa kutumia nini? Mara nyingi anakanyaga tairi, kisha ringi, kisha ukingo wa bodi, huku mkono ukishika kamba ya turubai. Gari huenda lilitoka kiwandani likiwa na ngazi nzuri, lakini kidato cha chini kiligonga jiwe korongoni kikakatika. Fundi wa kuchomelea akabandika kipande cha nondo mahali pake. Nondo ni nyembamba, ni ya mviringo, na ikilowa huteleza. Pengine hakikubandikwa kitu chochote, na sasa kidato cha kwanza kiko usawa wa kiuno cha mtu mzima. Masika yakija, tope jeusi la mbuga zetu hushika kwenye soli za viatu, na wengine hupanda wakiwa na kandambili.

Watu huona kimo hicho kuwa kidogo, lakini mtu akianguka kutoka mita 2 hugonga ardhi kwa mwendo wa takribani kilomita 22 kwa saa. Akianguka kutoka mita 3, mwendo huwa karibu kilomita 28 kwa saa. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angekubali kugongwa na pikipiki kwa mwendo huo kila akitoka kazini. Tena kushuka kuna hatari kuliko kupanda. Anayepanda hukiona kidato kilicho mbele yake, lakini anayeshuka hukitafuta kwa mguu asikione. Dereva aliyekaa saa nyingi ana miguu iliyokufa ganzi, ana haraka, na hushuka akiwa ameipa gari mgongo, au huruka tu. Kifundo cha mguu, goti, kiuno na mkono hulipa gharama ya mruko huo, kama si leo, basi baada ya miaka.

Kwa kijana anayelipwa kwa siku, mguu uliovunjika maana yake ni mwisho wa chakula nyumbani. Hana mkataba, na jina lake halimo katika daftari lolote. Kesho yake utingo mwingine atakuwa amekaa mahali pake, naye atapanda kwa nondo ileile.

Ngazi njema ni ipi?

Hekima ya jambo hili ipo, na si ya siri. Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango maalumu, ISO 2867, kinachohusu njia za kupandia na kushukia mitambo ya kuchimba na kusawazisha ardhi. Msingi mkuu unaofundishwa duniani kote ni wa pointi tatu. Wakati wote viungo vitatu kati ya vinne viwe vimeshika au kukanyaga, yaani mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, na uso uelekee gari. Lakini msingi huu hauwezekani kama gari halina mahali pa kushika. Haitoshi kumwambia mfanyakazi awe mwangalifu ilhali tumempa tairi kuwa ngazi yake.

Ngazi njema huanza karibu na ardhi, ili mtu asilazimike kujivuta kwa mikono. Kwa kuwa kidato cha chini ndicho kinachogonga mawe, watengenezaji wengi hukining'iniza kwa mpira mgumu au kwa vyuma vinavyopinda, ili kikigonga kisogee bila kukatika. Vidato huachana kwa nafasi zilizo sawa, kwa maana mguu huzoea kipimo na hudanganyika kipimo kikibadilika. Kila kidato ni kipana kiasi cha kupokea buti, na nyuma yake pana nafasi ya kuingiza ncha ya kiatu. Sehemu ya kukanyagia ni bati lenye matundu na meno, ili tope lidondoke na soli ishike. Vishikio huanza pale mtu aliyesimama chini anapoweza kuvifikia, hata akiwa mfupi, na huendelea hadi juu ya kidato cha mwisho, ili anayemaliza kupanda asibaki na mkono mtupu. Usukani na mlango si vishikio, kwa sababu vyote viwili hucheza.

Zaidi ya hayo, iko kanuni iliyo bora kuliko zote: kazi inayoweza kufanyika mtu akiwa chini, ifanyike chini. Yapo maturubai yanayofunikwa kwa mpini ukiwa umesimama ardhini. Yapo matangi ya mafuta yanayojazwa kupitia chini badala ya kwenye mifuniko ya juu. Kila safari ya kupanda iliyoondolewa ni nafasi moja ya kuanguka iliyofutwa.

Kupima: katika mwanga wa Neno na Mafundisho ya Kanisa

Yawezekana msomaji akauliza: je, hili ni jambo la Kanisa? Tunaamini kwamba ndivyo. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili asiiletee nyumba yake hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, mahali pa kazi na pa kupumzikia, na watu walipanda huko kila siku. Tuone jinsi agizo hilo lilivyo. Halimwambii anayepanda awe mwangalifu. Linamwagiza mwenye nyumba, tena kabla mtu yeyote hajaanguka. Vivyo hivyo, Kutoka 21:33-34 inamdai fidia mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, mnyama wa mwingine akatumbukia. Ikiwa Torati ilimjali ng'ombe na punda kiasi hicho, je, si zaidi sana mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Tena katika Injili ya Luka, Bwana wetu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, naye anakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Sisi nasi tukisikia kwamba utingo ameanguka, jambo la kwanza tunalosema ni kwamba alikuwa mzembe, au alikuwa amelewa. Uzembe upo, hatuukatai. Lakini mtu mwenye kiasi akichoka naye huteleza, na kifaa kilichotengenezwa vema hakimhukumu mtu kulemaa kwa kuteleza mara moja.

Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yamelisema jambo hili tangu mwanzo. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, aliwatetea wafanyakazi dhidi ya wale wanaowatumia kama vyombo vya kutafutia faida. Mtakatifu Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu hutangulia mtaji, na kwamba miongoni mwa haki za mfanyakazi imo haki ya kufanya kazi katika mazingira yasiyoharibu afya ya mwili wake wala uadilifu wake. Katika waraka huohuo alitofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Wa kwanza ni yule anayemlipa mfanyakazi. Wa pili ni watu na taasisi zote zinazoweka masharti ambayo ndani yake kazi hufanyika.

Nani, basi, anawajibika?

Tofauti hiyo inatusaidia kuona mbali kuliko mwenye lori peke yake. Mwenye lori anawajibika, ndiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri alinde usalama wa watu wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia, na mchango wake hutolewa na mwajiri, haukatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Kumficha kijana asiandikishwe, ili mchango usilipwe, ni kumwibia kabla hajaumia.

Lakini mfanyabiashara anayetaka mzigo ufike usiku huuhuu naye amo. Mkandarasi anayekodi gari bila kulikagua amo, na fundi anayechomelea nondo laini kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu amo pia. Mamlaka nazo zimo. Barabarani gari hupimwa uzito mizani na kukaguliwa breki, taa na matairi. Ni haki, maana hayo huokoa maisha ya wengi. Ila mtu anayepanda gari hilo mara kumi kwa siku anastahili kuona ngazi yake nayo ikikaguliwa. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazi. Haki ya msingi haiwezi kuishia kwenye ofisi zenye viyoyozi, ni lazima ifike kwenye bodi ya Fuso.

Kutenda: tufanye nini?

Kwanza, wenye magari, na miongoni mwao wapo waamini wetu wengi, walitembelee kila gari lao wakiwa na futi mkononi. Wapime kidato cha kwanza kiko juu kiasi gani, watikise vishikio, watazame kama vidato ni vya bati lenye meno au ni vya nondo. Marekebisho yake ni bati, mabomba machache na saa kadhaa za fundi. Gharama hiyo haifikii bei ya tairi moja jipya la lori.

Pili, mafundi wetu wa kuchomelea, na vyuo vya ufundi vya Kanisa pamoja na vya VETA, waifanye ngazi kuwa somo. Kijana akihitimu akijua kutengeneza geti zuri la nyumba, ajue pia kutengeneza ngazi ambayo ndugu yake ataitegemea.

Tatu, parokia zitoe mfano. Lori linapobeba kwaya kwenda hija, au waombolezaji kwenda mazishini, akina mama na wazee hupandishwa kwa kuvutwa mikono. Ngazi ya kubebeka, yenye vishikio na ndoano za kushika bodi, iwe sehemu ya vifaa vya parokia kama yalivyo maturubai na viti.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo ziwaulize vijana wao wanaofanya kazi ya utingo na kubeba mizigo: umeandikishwa? Una buti? Unapanda kwa nini? Maswali hayo matatu yakiulizwa kwa upendo, na majibu yake yakapelekwa kwa mwajiri na wazee wa jumuiya, yatafanya kazi ambayo mahubiri peke yake hayawezi.

Tano, kwenu ninyi mnaopanda: geukieni gari, shikeni pointi tatu, wala msiruke. Mkiona ngazi imevunjika, semeni. Anayesema hajakosa adabu kwa tajiri, bali analinda uhai aliopewa na Mungu.

Kila mwaka tarehe 28 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na siku tatu baadaye, tarehe 1 Mei, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Tunapendekeza kwamba kati ya siku hizo mbili kila parokia iliyo kando ya barabara kuu iyabariki magari ya kazi, na kwamba kabla ya maji ya baraka kunyunyizwa, ngazi za magari hayo ziwe zimekaguliwa na zilizovunjika zimetengenezwa.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.