Kuacha Nyama na Haki ya Mwili

Wako watu miongoni mwetu ambao kwa hiari yao wameiacha nyama, baadhi yao kwa itikadi ya dini, baadhi kwa kuwaonea huruma wanyama, na wengine kwa nasaha ya tabibu aliyewahadharisha na jongo au maradhi ya moyo. Wanaoendelea kuila huwatazama kwa mshangao kana kwamba wamejinyima riziki, ilhali baadhi ya walioiacha huwahesabu wenzao kuwa ni wakatili. Kwa rai yangu pande zote mbili zimekosa insafu, kwani zimeshughulika na kuhukumu nyama kuwa njema au mbaya, na zimesahau kuuliza kama chakula alichokichagua mtu fulani, kwa umri wake, kazi yake na siha yake, kinautimizia mwili wake haja zake.

Simjui mtu ambaye maisha yake yalibainisha jambo hili kuliko Mohandas Gandhi. Alizaliwa mwaka 1869 huko Gujarat, katika jamaa ya Wahindu wasiokula nyama, na alipokuwa kijana akashawishiwa na rafiki yake kuila kwa siri, akiamini kwamba Waingereza waliitawala India kwa nguvu walizozipata katika nyama. Mwaka 1888, alipokwenda London kusomea sheria, alikuwa amemwapia mama yake kwamba hataigusa. Basi akawa hashibi, mpaka siku alipoiona hoteli ya wasiokula nyama katika Farringdon Street, akanunua pale pale kitabu cha Henry Salt cha kutetea kuacha nyama, na tangu hapo lile alilokuwa akilishika kwa ajili ya kiapo akalishika kwa yakini ya nafsi yake. Baadaye, akiwa Afrika Kusini, aliacha hata maziwa. Lakini mwaka 1918 alipatwa na tumbo la kuhara damu lililomdhoofisha hata akakata tamaa ya kuishi, na tabibu akamwambia wazi kwamba pasipo maziwa hawezi kumrejeshea mwili wake. Ndipo mkewe, Kasturba, alipomwambia kwamba, kwa kuwa alipoweka nadhiri yake alikuwa akifikiria maziwa ya ng'ombe na nyati, hana sababu ya kuyakataa maziwa ya mbuzi. Akayanywa, akapona, na jambo hilo likamhuzunisha; na katika kitabu cha maisha yake aliwaomba wenye uzoefu wamwonyeshe chakula cha mimea kinachoweza kushika mahali pa maziwa.

Katika upishi wa pwani yetu vyakula vya namna hiyo ni maridhawa. Mbaazi zilizolazwa majini usiku kucha, zikachemshwa mpaka zikalainika, zikatiwa tui la pili, na mwisho kasimile, yaani tui zito la kwanza, ikikorogwa taratibu isije ikakatika, ni chakula cha asubuhi kinachomtosha mtu wa kazi nzito, wala hakuna aulizaye nyama iko wapi. Kadhalika ugali na maharage: mahindi yamepungukiwa na sehemu ya protini iliyomo kwa wingi katika maharage, na upungufu wa maharage hujazwa na mahindi, kwa hiyo vikiliwa pamoja hukamilishana.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo mlaji wa mboga hana budi kuyajua. La kwanza ni madini ya chuma, ambayo yakitoka katika mchicha au kunde hayaingii mwilini kwa wepesi kama yatokayo katika nyama. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga huyasaidia, na chai ya rangi, tuliyozoea kuinywa pamoja na mbaazi zenyewe, huyazuia, na kwa sababu hiyo ni afadhali ingojewe kitambo baada ya chakula. La pili ni zito zaidi. Vitamini B12 hufanywa na bakteria, nasi huipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa, lakini katika mimea haimo kwa kiasi cha kutegemewa. Na kwa kuwa ini huweka akiba yake ya miaka kadhaa, mtu aliyeacha vyote hivyo huweza kujiona mzima, akawakebehi waliomwonya, hata siku ganzi ianzapo kumpanda miguuni, na mishipa ya fahamu ikisha kuharibika huenda isirejee kama ilivyokuwa.

Wala mlaji nyama asijidhani kuwa yu salama. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliitia nyama ya kusindikwa, kama vile soseji, katika fungu la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mtu mzima anaweza kuishi kwa afya njema pasipo nyama, kwa sharti kwamba aipange sahani yake kwa ilimu, na akiacha pia mayai na maziwa, atumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mzazi wa mtoto mchanga wasiache mayai na maziwa kabla ya kumwona tabibu. Na ambaye mwili wake umedhoofika licha ya jitihada zake, namsihi apimwe damu mapema, wala asione haya kubadili chakula chake.