Mbele ya kumuuliza mtoto, uliza shefu wako

Vijana wenzetu wa Goma na Bukavu, tunajua wengi wenu munafanya uchunguzi wa kulipwa kwa siku. Munapewa tableti, tisheti, na hesabu ya familia za kumaliza mbele ya saa kumi. Hatuwalaumu, kazi ni haba. Lakini kuna maneno tunapaswa kusema waziwazi.

Mama ambaye hajapika tangu jana, ukimuuliza ana watoto wangapi, anatazama kwanza ile tisheti. Anawaza orodha ya posho. Anaweza kuongeza mtoto wa jirani. Anaweza kumficha binti aliyebakwa, juu anajua nyuma ya shiting kuna masikio. Kisha munatia kidole chake kwenye karatasi ya Kifaransa asiyoweza kusoma, munaita hiyo ruhusa! Ripoti itakayotoka pale itakuwa na michoro mizuri na uongo ndani.

Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Aliyetoka mikononi mwa kikundi cha silaha anasimulia leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mara anarudi kulekule porini. Tableti ikizimwa, nani anabaki naye usiku? Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 iko wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na faida yake inatangulia. Haikuandika "isipokuwa mfadhili ana haraka".

Tena kuna usalama. Mwanzoni mwa 2025 kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilivunjwa, watu wakatawanyika. Majina yao, namba za simu, mpaka GPS ya hema, viko wapi leo? Nani anavisoma? Waliokusanya wajibu.

Basi, kabla ya kushika tableti, uliza shefu: maswali yametafsiriwa katika lugha ya familia? Mzazi akikataa, jina lake linabaki kwenye orodha ya msaada? Mtoto akianza kulia, tunamupeleka kwa nani, na huyo mtu yuko hapa leo? Majina yatafutwa lini? Akikosa jibu, rudisha tisheti, na utuandikie. Tutasimama na wewe.

Na ninyi mashirika, familia hizi zimehesabiwa mara nyingi tangu vita virudi mwaka 2021. Mulete majibu, muyasome kwa Kiswahili mbele yao, na wao waseme wapi mulikosea.