Uchambuzi: Muhogo mchungu, vita na miguu inayokakamaa kaskazini mwa Msumbiji

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimbas, maelfu ya watu waliokimbia mashambulizi wamekuwa wakirejea kwenye vijiji vyao. Wengine wamerejea na kukimbia tena, kwa zaidi ya mara moja. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia viliwang'oa makwao karibu watu milioni moja kufikia mwaka 2022, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na anayerudi hukuta nyumba imebomoka na ghala tupu. Zao la kwanza analolitegemea ni muhogo.

Kwa mashirika ya misaada, familia inayolima tena ni dalili ya matumaini. Watafiti wachache wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu wana sababu ya kulitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Historia ya ukanda huu inaonesha kuwa njaa, vita na muhogo mchungu vikikutana, huacha nyuma yao watoto na wanawake wasioweza kutembea tena.

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kwango, kusini magharibi mwa Kongo, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa, na liliingia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1938 kupitia daktari Giovanni Trolli. Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji wana jina lao: mantakassa.

Mtu mwenye afya njema huamka asubuhi, au hurejea kutoka safari ndefu ya miguu, na ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Magoti yanagongana, visigino havifiki chini, anatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayepita juu ya makaa. Hali hiyo hukamilika ndani ya siku chache, mara nyingine ndani ya usiku mmoja. Baada ya hapo haizidi, lakini pia haiponi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linawagawa wagonjwa katika makundi matatu: anayetembea bila fimbo, anayehitaji fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea kabisa.

Hapa ndipo konzo inapotofautiana na magonjwa mengine ya kuharibika kwa seli za ubongo. Dimenshia na ugonjwa wa Parkinson huila akili au mwili polepole, kwa miaka mingi, na aghalabu uzeeni. Konzo hupiga mara moja, na huchagua watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Seli zinazoathirika ni zile za ubongo zinazoiamuru misuli. Kwa sababu hiyo imewavutia wataalamu wanaochunguza magonjwa ya seli hizo duniani kote, kwa kuwa katika mengi ya magonjwa hayo chanzo hakijulikani, na katika konzo kichocheo kinajulikana.

Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sumu ya sianidi. Mwili una njia ya kujikinga: huigeuza sianidi kuwa kitu chenye sumu hafifu zaidi na kuitoa kwa mkojo. Lakini kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hiyo hutokana na protini ya samaki, kunde, maharage au nyama. Anayekula ugali wa muhogo usioandaliwa vizuri, wiki baada ya wiki, bila kitoweo, anakosa vyote viwili: anameza sumu nyingi na hana silaha ya kuishinda. Namna hasa sumu hiyo inavyoziharibu seli bado inachunguzwa maabara.

Isidhaniwe kwamba muhogo ni adui. Mamilioni ya watu barani Afrika huula kila siku bila madhara, na aina tamu haina tatizo hili kwa kiwango cha kutisha. Hata aina chungu hupandwa kwa sababu za busara. Hustahimili ukame, hudumu ardhini, nguruwe pori na nyani huuogopa, na mwizi hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani. Wakati wa vita sifa hiyo ya mwisho ina thamani kubwa. Mama anayepanda muhogo mchungu huwa amefanya hesabu zake. Kinachovurugika ni muda wa kuuandaa.

Mwaka 1981 ukame uliukumba mkoa wa Nampula, jirani na Cabo Delgado kwa upande wa kusini. Hans Rosling, daktari kijana kutoka Sweden aliyekuwa akihudumu Nacala, alipata taarifa kutoka kwa mtawa mmoja kuhusu wanawake na watoto waliokuwa wakikakamaa miguu wilayani Memba. Hakuna aliyejua ni nini. Ilihofiwa kuwa ni polio, au maradhi mapya ya kuambukiza. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Msumbiji, ambao daktari Julie Cliff kutoka Australia alikuwa miongoni mwa nguzo zake, ulihesabu wagonjwa 1,102 na kuuhusisha ugonjwa huo na sianidi ya muhogo.

Kabla jibu halijapatikana, hofu ya kuambukizana ilikuwa imekwishaua. Katika kitabu chake Factfulness, kilichotoka mwaka 2018 baada ya kifo chake, Rosling anasimulia jinsi alivyokubaliana na wazo la meya wa Nacala la kuweka kizuizi cha barabarani. Wanawake waliozoea kwenda sokoni kwa basi waliikuta njia imefungwa, wakawaomba wavuvi wawapeleke kwa bahari. Mashua ilijaa kupita kiasi, ikapinduka, na akina mama na watoto wao wakafa maji.

Neno nalo lina sehemu yake katika mkanganyiko huu. Taarifa za konzo zinapofasiriwa kwa Kiswahili, mara nyingi husema mgonjwa "amepooza". Msomaji mara moja huwaza kiharusi au polio, yaani kiungo kilicholegea. Konzo ni kinyume chake, kwa kuwa mguu umekaza. Kwa mfasiri tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini kwa mhudumu wa zahanati ndiyo inayoamua aandike nini kwenye daftari lake.

Vita vilipokuwa vikimalizika

Mlipuko wa pili mkubwa kuchunguzwa Nampula ulitokea wilayani Mogincual mwaka 1992 na 1993. Tarehe hizo zinastahili kutazamwa mara mbili. Mkataba wa amani wa Roma, uliohitimisha vita kati ya Frelimo na Renamo, ulitiwa saini tarehe 4 Oktoba 1992. Cliff na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1997, waliuhusisha mlipuko huo moja kwa moja na vita.

Kwa mtazamo wa uchambuzi huu, hilo ndilo somo linalopaswa kusomwa Palma leo. Hatari haiishi bunduki zinaponyamaza. Aliye kambini angalau hupata mgao wa unga wa mahindi au mchele na kunde, hata kama mgao huo umepunguzwa mara kwa mara kwa ukosefu wa fedha. Aliyerejea kijijini huondolewa kwenye orodha ya mgao mapema, ilhali shamba lake halijakomaa. Njaa humlazimisha kuchimba muhogo kabla ya wakati na kuuandaa haraka haraka. Baharini nako, wavuvi wa pwani hiyo wamekuwa wakizuiwa au kuogopa kutoka, na samaki ndiye aliyekuwa akileta protini ya kuikinga familia.

Ramani nayo inatia wasiwasi. Kusini mwa mto Lúrio iko Memba ya mwaka 1981, wilaya ambayo yenyewe ilifikiwa na mashambulizi ya waasi mwaka 2022 na ambako watu walikimbia tena mwaka 2025. Kaskazini mwa mto Ruvuma uko mkoa wa Mtwara nchini Tanzania, ambako konzo ilizuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuchunguzwa na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Tanzania ilikuwa imekwisha kuijua kutoka Tarime, kwenye ukame wa mwaka 1985. Cabo Delgado iko katikati ya mito hiyo miwili, na watu wake hula muhogo uleule.

Akili za wanaotembea

Kama ingekuwa habari ya miguu peke yake, ingetosha kuhuzunisha. Kazi ya Désiré Tshala-Katumbay, mtafiti Mkongomani wa mishipa ya fahamu anayefanya kazi kati ya Kinshasa na Portland nchini Marekani, imeongeza jambo lililo zito zaidi. Yeye na mwanasaikolojia Michael Boivin waliwapima watoto wa Kahemba, kusini magharibi mwa Kongo, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Watoto wenye konzo walikuwa na upungufu katika kumbukumbu na kujifunza. Lakini hata watoto wa eneo hilohilo ambao miguu yao ilikuwa mizima walifanya vibaya kuliko watoto wa mahali ambapo konzo ni nadra.

Maana yake ni kwamba mgonjwa anayeonekana huenda ni sehemu ndogo ya waliodhurika. Mtoto anaweza kukimbia uwanjani na bado akawa amepoteza kitu darasani, bila mwalimu wala mzazi kujua sababu. Katika wilaya ambazo shule zilifungwa kwa miaka na madarasa kuchomwa, nani ataitafuta sababu hiyo kwenye sahani ya chakula?

Kinga ipo, na ni rahisi kiasi cha kukera. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionesha kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na maji na kutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya mkeka au ungo, kivulini kwa saa tano au juani kwa saa mbili, hupoteza sehemu kubwa ya sumu iliyobaki, ambayo hutoka hewani. Halafu husongwa ugali kama kawaida. Hakuhitajiki mto wa kuloweka kwa siku tatu, jambo muhimu katika pwani yenye shida ya maji, wala mashine. Daktari Jean-Pierre Banea na wenzake waliijaribu njia hiyo katika kijiji cha Kay Kalenda, Popokabaka nchini Kongo, wakiwafundisha wanawake, na wagonjwa wapya hawakutokea tena katika kipindi cha mradi.

Kuanika makopa juani peke yake, njia iliyozoeleka kaskazini mwa Msumbiji, hakuondoi sumu ya kutosha pale muhogo unapokuwa mchungu sana, na mwaka wa ukame huongeza uchungu huo. Hivyo saa tano za mkeka zingeweza kufundishwa pamoja na ugawaji wa mbegu na majembe kwa wanaorejea, kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, ambazo ndizo lugha za jikoni huko, badala ya kubaki katika vipeperushi vya Kireno.

Upo pia udhaifu wa kiutendaji ambao hauhitaji fedha nyingi kuurekebisha. Msumbiji ina mfumo wa kufuatilia watoto wanaopooza ghafla, uliopewa msukumo mpya baada ya kirusi cha polio cha asili kugunduliwa mkoani Tete mwaka 2022. Mfumo huo huwatafuta watoto wenye miguu iliyolegea. Mtoto wa konzo, mwenye miguu iliyokaza na goti linaloruka likigongwa kidogo, hamo katika maelezo hayo. Mhudumu anayefuata fomu yake kwa uaminifu anaweza kumrudisha nyumbani, kwenye ugali uleule, pamoja na ndugu zake wanaokula chungu kimoja.