Ukikimbia peke yako, beba jina lako

Ukitoka nje alfajiri katika mtaa wowote wa Nairobi siku hizi, hukosi kuwaona watu wakikimbia. Wamo makarani, walimu, na akina mama wa makamo walioshauriwa kupunguza uzani. Ni jambo la kutia moyo. Shinikizo la damu na kisukari vimewaandama wakazi wa mijini, na sisi madaktari hatuna dawa iliyo rahisi kuliko hiyo ya miguu.

Walakini upo ushauri mmoja unaopitishwa baina ya wakimbiaji ambao siukubali hata kidogo. Utamsikia mtu akimwambia mwenzake: "Usibebe chochote. Acha simu, acha kitambulisho, acha pesa, vibaka wasije wakakupokonya." Basi mtu huondoka nyumbani na ufunguo mmoja tu, wenzake wakiwa wamelala, na hakuna ajuaye kama ameelekea Kasarani au Kariobangi.

Hebu fikiri, msomaji, yanayotokea mtu kama huyo akigongwa na gari. Wasamaria wema humkimbiza hospitalini. Hajitambui, na mfukoni hamna kitu. Kwenye faili huandikwa "mwanamume asiyejulikana, umri wapata miaka 40." Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo atatibiwa. Lakini atatibiwa na daktari anayepapasa. Je, mtu huyu ana kisukari? Ana kifafa? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Penisilini humdhuru? Hakuna wa kujibu. Nyumbani nako mkewe anadhani alipitiliza kazini. Yaweza kupita siku nzima kabla ya jamaa kuanza kuzunguka hospitali moja baada ya nyingine, na hatimaye vyumba vya maiti.

Kibaka haibi karatasi. Chukua kipande kidogo, uandike jina lako, nambari za simu za watu wawili, ugonjwa ulio nao na dawa unazotumia, au dawa inayokudhuru. Kifunge kwa selotepu kisilowe jasho, ukitie ndani ya soksi au ukibane kwa pini kwenye kaptura. Kundi la damu si lazima kuliandika. Hospitali itapima yenyewe kabla ya kukuongeza damu. Kitambulisho halisi kiache nyumbani, maana kutafuta kingine ni usumbufu tosha. Na kama unaihofia simu yako ya bei, nunua ile ndogo ya tochi ambayo watu huiita "mulika mwizi". Atakayekupokonya hiyo mwachie, usishindane naye.

Mwenye kisukari anayedunga insulini ana sababu nyingine. Mbio huteremsha sukari mwilini, naye akianza kuyumbayumba na kusema maneno yasiyoeleweka saa kumi na mbili asubuhi, wapita njia watasema amelewa chang'aa tangu jana. Abebe peremende au glukosi, na ile karatasi iseme wazi kwamba ana kisukari. Mwenye pumu naye asiache kipulizio chake mezani.

Moyo pia hauna simile. Jim Fixx, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kiliwatoa watu wengi majumbani wakaanza kukimbia, alianguka akafa mnamo 1984 akikimbia peke yake kwenye barabara ya Vermont. Alikuwa na umri wa miaka 52, na mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba. Babake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Simtaji ili kukutisha uache mbio. Lakini ikiwa umepita miaka 40 na kwenu kuna historia ya moyo, au kifua hukubana unapopanda ngazi, pimwa kwanza, na hadi utakapopimwa usikimbie pasipo na watu.

Tukirudi barabarani: tunamwogopa kibaka kupita kiasi na kumwogopa dereva kidogo mno. Miongoni mwa wanaouawa katika barabara zetu, waendao kwa miguu ndio wengi zaidi. Magari yetu hupita kushoto, kwa hivyo pasipo na njia ya miguu, kimbia upande wa kulia ili uyaone yakikujia. Hata hivyo usiuamini ukingo wa barabara, kwa sababu matatu yenye haraka hupita humo humo, na bodaboda hutokea upande usiotarajiwa bila taa. Vaa kizibao kinachong'aa, kama kile cha wanabodaboda. Vifaa vya kusikilizia muziki viondoe masikioni. Sijaona wimbo unaostahili kumzuia mtu kusikia honi. Isitoshe, Nairobi iko karibu na ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili u nusu hivi. Anayetoka saa kumi na moja anakimbia usiku.

Kuna wanaume ambao, wakisoma haya, watawaambia wake na mabinti zao wakae nyumbani. La hasha. Mwanamke ana shinikizo la damu kama mwanamume. Msitu wa Karura uliogopwa na kila mtu hadi ulipozungushiwa ua wa umeme na kuwekewa walinzi. Leo wanawake hukimbia humo peke yao mchana. Lakini langoni hulipwa ada, na mkazi wa Kayole atahitaji nauli pia. Huyo anastahili taa za barabarani zinazowaka na njia ya miguu isiyogeuzwa maegesho, na ni kaunti inayopaswa kuulizwa. Viwanja vya shule za umma navyo vingeweza kufunguliwa saa moja kila jioni. Sioni sababu ya kutofanya hivyo.

Mbwa akikuuma, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kudungwa chanjo siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Na kabla ya kutoka, ambia mtu njia utakayopita na saa ya kurudi, mkubaliane pia atakalofanya ukichelewa: kwanza apige simu, kisha aifuate njia hiyo, kisha apige 999 au 112. Asiwe mtu wa kukisia tu. Kama unaishi peke yako, bawabu wa langoni yuko macho saa hizo, na mara nyingi ndiye pekee aliyekuona ukitoka. Mwachie nambari ya ndugu yako.